Wifi anasema ugonjwa wa mama mkwe utatuambukiza

Hujambo Mshauri,

Nakuomba usichapishe jina langu kwa sababu wifi zangu husoma safu hii, na mmoja wao ndiye chanzo cha barua yenyewe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 41 na ninaishi Free Area, hapa Nakuru. Nina kibanda cha nafaka sokoni. Mume wangu ni dereva wa trela, anabeba mizigo ya Mombasa kupeleka Malaba na kuvuka mpaka, kwa hivyo akilala nyumbani wikendi moja tunashukuru.

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe alibaki peke yake kwao Butere. Muda si muda majirani wakaanza kutupigia simu. Mara ameuza kuku wake wote kwa bei ya mmoja. Mara ameonekana usiku wa manane barabarani na kikapu kichwani, akisema anawahi soko. Tukamleta Nakuru. Akapimwa damu na kupigwa picha ya kichwa, na daktari akatwambia ni ugonjwa wa Alzheimer. Ana miaka 74. Ana kisukari pia, anadungwa insulini asubuhi na jioni, na anayemdunga ni mimi.

Sina neno baya la kumsema mama. Nilipojifungua kifungua mimba wangu alikuja akakaa nami, akanikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji wa wimbi mpaka nikasimama. Kwa hivyo ilipofika zamu yangu ya kumwogesha sikuona ajabu. Mume wangu hawezi kumwogesha mama yake mzazi, mila zetu haziruhusu, na hata zingeruhusu hayupo. Ninamwogesha, ninamvisha, ninambadilisha usiku akijikojolea. Giza likianza kuingia ndipo kazi hasa huanza. Anakunja leso zake, anazifunga ndani ya shuka, anasimama mlangoni na kutaka apelekwe nyumbani kwa kuwa ng'ombe hawajafungwa. Ukimwambia hapa ni nyumbani anakutazama kwa huruma, kana kwamba aliyechanganyikiwa ni wewe.

Yote hayo nilikuwa nimeyazoea. Kisha wifi yangu anayeishi Kisumu akaweka habari kwenye grupu ya familia ya WhatsApp. Ilisema wanasayansi wa Uingereza wamegundua kwamba Alzheimer inaweza kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Chini yake akaandika, "Mnaona? Na huyo mtoto wenu anakula naye sahani moja."

Ni kweli. Kitinda mimba wangu ana miaka minne, na nyanya yake ndiye rafiki yake mkubwa. Wanakunywa uji kikombe kimoja. Nyanya akipewa hindi la kuchoma, hutafuna punje kwanza zikalainika, halafu humtilia mtoto mdomoni, kwa sababu siku nyingine humwona kama kichanga. Mtoto naye hafungi mdomo.

Tangu ujumbe ule, mambo yamevurugika. Yaya alipousikia alisema mama yake amemwita nyumbani, na hajarudi. Wifi alikuwa akija kila mwisho wa mwezi, analala chumba kimoja na mama yake nami napata usiku mmoja wa kulala. Sasa anatuma pesa kwa M-Pesa na salamu kwa simu. Ndugu wengine kwenye grupu wamenyamaza.

Nami nikaingiwa. Nilimnunulia mama kikombe na sahani zake, nikazitia alama chini kwa rangi nyekundu ya kucha ili zisichanganyike na za watoto. Siku moja alipomaliza chai alikigeuza kikombe, akakwaruza ile rangi kwa ukucha, akaniuliza, "Hii ni damu ya nani?" Nilijifanya sijasikia.

Mshauri, yanayoninyima usingizi ni mawili. La kwanza, nilijidunga na sindano yake. Nilikuwa narudisha kifuniko, akanishika mkono ghafla, sindano ikanichoma kidole na damu ikatoka. Sijamwambia mtu. La pili, nimeanza kusahau. Nimempa mteja mmoja chenji mara mbili. Githeri imeniungulia nikiwa nimesimama pale pale jikoni. Majuzi mteja alisonta gunia akauliza hizi ni nini, nikaitafuta "ndengu" kinywani nikaikosa, na ndengu nimeziuza miaka yote hii. Nikajiambia basi, umeniingia.

Mume wangu anasema mama arudishwe Butere, aandikwe kijana wa kumchunga, nasi tuwe tunamtembelea. Wifi anamuunga mkono. Nikikubali, watu watasema nimemfukuza mama wa wenyewe. Nikikataa na ugonjwa umpate mwanangu, nitajibu nini? Je, ugonjwa huu unaambukiza au hauambukizi? Nimtenge mtoto na nyanya yake? Na hili la Butere nilikubali?

Mwenye wasiwasi, Nakuru.

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu wa Nakuru, pole kwa uchovu, maana ndio nilioukuta katika kila aya ya barua yako kuliko hata hofu. Tutafika huko. Lakini acha nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita, kwa kuwa ndilo pekee lisiloweza kungoja, nalo ni sindano.

Hukuniambia ulijidunga lini. Kama saa 72 hazijatimia, wacha kusoma hapa uende hospitali ya umma iliyo karibu uwaeleze ulivyotueleza sisi. Hatari ya sindano iliyomdunga mtu mwingine si Alzheimer. Ni virusi vya Ukimwi na homa ya ini, na hizo hazijali kama mwenye damu ana miaka 20 au 74. Watakupima, watapenda kumpima na mama pia, na wakiona haja watakupa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, ambazo hazina budi kuanzwa ndani ya hizo saa 72. Ikiwa muda umepita, nenda hata hivyo upimwe, uambiwe urudi lini kupimwa tena, na uulizie chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kuanzia leo usirudishe kifuniko juu ya sindano iliyokwisha kutumika, maana hapo ndipo wauguzi wenyewe hujichomea. Tafuta mtungi mgumu wa plastiki wenye kifuniko cha kuzungusha, uuweke mahali mtoto hafiki, sindano ianguke humo moja kwa moja. Kliniki ya kisukari itakwambia pa kuupeleka ukikaribia kujaa.

Sasa turudi kwa wifi. Hakuzusha habari ile. Utafiti upo, ni wa watu makini, na kama ningekwambia ni uongo mtupu ungeukuta kesho kwenye simu yako na usiniamini tena. Ila umefika kwenye grupu yenu ukiwa umekatwa miguu.

Kati ya mwaka 1959 na 1985, kule Uingereza, watoto waliokuwa hawarefuki walitibiwa kwa kudungwa homoni ya ukuaji. Homoni hiyo ilitolewa kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na tezi zilikuwa za maiti, nyingi zikichanganywa pamoja. Watoto wasiopungua 1,848 walipata matibabu hayo. Yakasimamishwa mwaka 1985, baada ya kugunduliwa kwamba baadhi ya watu waliodungwa homoni ya aina hiyo walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa ubongo uitwao Creutzfeldt-Jakob, ambao ulikuwa umesafiri ndani ya dawa yenyewe. Siku hizi homoni ya ukuaji hutengenezwa maabara bila kugusa maiti.

Mwaka 2015 Profesa John Collinge na wenzake wa London walichunguza bongo za watu wanane waliokuwa wamekufa kwa Creutzfeldt-Jakob baada ya matibabu yale. Katika kadhaa wakakuta rundo la amiloidi-beta, protini ambayo hujikusanya katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, na hao walikuwa watu wa umri mdogo mno kuwa nayo. Mwaka 2018 wakaonyesha kwamba homoni ya zamani iliyobaki kwenye hifadhi bado ilikuwa na protini hiyo, na ilipotiwa kwenye ubongo wa panya wa maabara ikaanza kuenea. Kisha Januari 2024 wakaeleza habari za watu wanane wengine waliotibiwa hivyo utotoni. Watano kati yao walikuwa na dalili za ugonjwa wa kusahau zilizoanza wakiwa na miaka kati ya 38 na 55. Bila shaka hiyo ndiyo iliyofika Kisumu.

Wanavyofikiri ni kwamba protini iliyojikunja vibaya inaweza kuifanya iliyo nzima ijikunje vilevile, kama mala kidogo inavyogandisha maziwa mabichi ya kibuyu kizima. Wapo wataalamu wanaosema watu wanane ni wachache mno, na kwamba baadhi yao walikuwa na maradhi mengine tangu utotoni yanayoweza kuelezea dalili zao. Mjadala huo uko wazi bado. Lakini hebu tazama kilichohitajika: tezi za maiti, sindano zilizorudiwa kwa miaka, halafu miongo ya kungoja. Watafiti wenyewe walisema waziwazi kwamba hakuna dalili kuwa Alzheimer hupita kwa kuishi na mgonjwa au kwa kumhudumia kwa njia za kawaida. Kikombe hakimo katika habari hii. Mate hayamo. Mkojo unaoufua usiku haumo. Hata damu ilitazamwa: matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 kutoka Uswidi na Denmark, yaliyofuatilia watu zaidi ya milioni 1.4 waliowahi kuongezewa damu, hayakuona kwamba waliopata damu ya mtu aliyekuja kuugua Alzheimer waliugua zaidi ya wengine. Tone lililokuwa kwenye sindano yako ni dogo kuliko chupa ya damu, na ndiyo maana nakutuma hospitali kwa sababu nyingine kabisa.

Ningeweza kuishia hapo na kukwambia "hauambukizi, kalale". Lakini kuna utafiti mwingine ambao mtu mjuaji anaweza kukutupia, na ni afadhali uusikie kwangu. Mwaka 2010, katika kaunti ya Cache jimboni Utah, Marekani, watafiti waliofuatilia jozi 1,221 za mume na mke waliona kwamba mtu ambaye mwenzi wake alikuwa na ugonjwa wa kusahau alikuwa katika hatari mara sita ya kuupata yeye pia. Ukisoma haraka utasema si hiyo, wameambukizana kitandani. Hawakusema hivyo. Walishuku mzigo wa kulea: kukosa usingizi miaka nenda miaka rudi, msongo wa mawazo, kuacha kujiangalia, pamoja na maisha ambayo wawili hao walikuwa wakiishi kwa pamoja tangu zamani. Yaani kama kuna kitu kinachotoka kwa mgonjwa kikamfikia mlezi, yaelekea hakipiti kwenye kikombe. Hupita kwenye usiku usiolala.

Nawe hulali. Hebu tuuangalie usahaulifu wako bila kuupa jina kwanza. Umeniandikia barua ndefu yenye mpangilio, umekumbuka rangi ya kucha, umekumbuka neno kwa neno alichosema mama kuhusu kikombe. Gunia la ndengu lilikukimbia jina, lakini ulijua limekukimbia na limekukera mpaka sasa. Mama mkwe alipouza kuku wake kwa bei ya mmoja, je, ilimkera? Hilo si kipimo cha daktari na sitaki ulichukue hivyo. Mtu wa miaka 41 kuugua Alzheimer si jambo lisilowahi kutokea, ila ni nadra, na kabla ya kufika huko kuna foleni ndefu ya sababu nyingine: kukosa usingizi, huzuni iliyokaa, upungufu wa damu, tezi ya shingoni kulegea, na hata mabadiliko ya mwili kuelekea kukoma hedhi. Nyingi kati ya hizo hupimwa na kutibiwa. Siku utakayokwenda kwa ajili ya sindano, mwambie daktari na hili. Usilitolee mzaha ukifika mbele yake, kama akina mama wengi wanavyofanya.

Kuhusu mtoto na nyanya yake. Umeniuliza umtenge, na nahisi swali linakuuma kuliko unavyolionyesha. Kwa Alzheimer sioni sababu ya kumtenga. Kutafuniwa chakula, hilo unaweza kulikataza kwa sababu za kila siku, maana mate hubeba mafua, na kikohozi kisichoisha cha mtu mzima ni cha kupimwa kifua kikuu. Mtoto wa miaka minne ana meno yake. Unaweza kumpukuchulia punje kwenye bakuli lake mwenyewe, nyanya ashike bakuli la pili, wale pamoja. Hatari ninayoiona mimi iko kwingine: nyanya akiachiwa mtoto peke yake jikoni na jiko linawaka, au akimpa vidonge vyake vya kisukari akidhani ni peremende, au akimshika mkono wakatoke kutafuta ng'ombe wa Butere. Yaya ameondoka na wewe uko sokoni. Je, saa hizo mtoto huwa na nani? Barua yako haikusema.

Sasa niruhusu nikuulize jambo gumu kidogo, na usilijibu haraka. Tuseme daktari anayeaminiwa na ukoo mzima amesimama kwenye grupu yenu na kutangaza kwamba Alzheimer haiambukizi kabisa. Ungepumua? Au kuna sehemu yako ndogo ambayo ingesikitika, kwa kuwa ile sababu ya kusema "siwezi tena" ingekuwa imenyang'anywa?

Sikuulizi kwa kukulaumu. Katika jamii zetu, mke wa mtoto akisema amechoka na mama mkwe, husemwa mpaka kwenye matanga. Akisema anawaogopea watoto ugonjwa, husikilizwa. Nashangaa kama ndiyo maana ujumbe wa wifi ulikuingia kwa kina vile, mtu mwenye busara kama wewe. Nashangaa pia kama mumeo, aliye mbali na hawezi kumwogesha mama yake hata akitaka, hajapata katika habari hiyo njia ya kusema jambo ambalo hakujua aliseme vipi. Huenda nimekosea. Ila mkiamua kuhusu Butere huku mnaficha uchovu ndani ya hofu ya maambukizi, mtakuwa mnaamua jambo lisilo lenyewe.

Basi tuiangalie Butere yenyewe. Sitakwambia akae wala aende. Mama anaomba nyumbani kila jioni, na wapo wagonjwa wanaotulia wakirudi kwenye boma walilolizoea, penye sauti za lugha yao na miti wanayoijua. Lakini wapo pia ambao hufikishwa nyumbani na wakaendelea kuomba nyumbani, kwa sababu wanakokutaka ni kwa miaka iliyopita, wakati mumewe yu hai na ng'ombe wapo. Hamtajua mama ni wa upande upi kabla ya kujaribu, na kujaribu si lazima kuwe kuhama. Likizo ya shule mnaweza kwenda naye wiki moja mkaona jioni zake zinakuwaje.

Kinachonitia wasiwasi ni "kijana wa kumchunga". Nani atamdunga insulini? Mgonjwa wa kusahau anaweza kudungwa kisha akakataa kula, au akasema amekula na hajala, sukari ikashuka, akaanguka au akafa usingizini. Sukari ikishuka pia humchanganya mtu akili, hata mkadhani ugonjwa umezidi ghafla. Hili liulizeni kliniki hata kama mama atabaki Nakuru: je, dawa zake zinaweza kurahisishwa, labda sindano zipungue, kulingana na umri na hali yake? Waulizeni pia kama tezi yake ya shingoni na vitamini B12 vimepimwa. Kisha kuna kumwogesha: kijana wa kiume hatamwogesha mama wa watu, nadhani mnalijua. Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi mezani. Mzee anayetembea usiku akiongea peke yake kijijini anaweza kuitwa mchawi. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Butere si Marani, na majirani wa mama ndio waliowapigia simu kwa wema. Hata hivyo, akirudi, ni bora ukoo na majirani waelezwe kwa jina kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, na wahudumu wa afya ya jamii wa eneo lile wajue yupo.

Kubaki Nakuru nako kuna bei yake, nawe ndiye unayeilipa. Mambo yakiendelea hivi, kibanda kitayumba, afya yako itafuata, na ukianguka wewe mama atakwenda Butere vilevile, ila kwa haraka na bila maandalizi. Kati ya kubaki na kwenda kuna njia za katikati. Pesa anazotuma wifi zinaweza kumwandika mwanamke mtu mzima wa kuja asubuhi wakati wa kuoga na jioni wakati wa kukunja leso, badala ya kutawanyika kwenye matumizi. Mama anaweza kukaa Kisumu kwa binti yake sehemu ya mwaka. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi iko hapo, ile wenyeji bado wanaiita Russia, na kliniki haitakuwa mbali. Kila kuhama humvuruga mgonjwa wa namna hii kwa muda, kwa hivyo vipindi viwe virefu, si wiki hapa wiki kule. Kuna pia shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya ambalo huwakutanisha walezi. Pengine kumsikia mlezi mwenzako akisema anachukia saa kumi na mbili jioni kutakusaidia kuliko maneno yangu yote.

Kwa mumeo, ningekuomba usianze na Butere. Anza na usiku mmoja. Akifika kutoka Malaba, mwache ashike zamu ya jioni, ile ya mlangoni na shuka, wewe ukiwa kwa jirani. Kuoga si kazi yake, ila kusimama na mama mlangoni mila haikatazi. Asubuhi ndipo mzungumze, na umwambie kuhusu sindano pia. Hiyo si siri ya kuibeba peke yako, na majibu ya vipimo yanamhusu na yeye.

Nimeacha wifi mwisho kwa sababu ndiye ninayemfikiria zaidi baada yako. Wewe umeingia katika ukoo huu kwa ndoa, huna damu ya mama mkwe. Yeye anayo. Inawezekana anachoogopa hakiko kwenye sahani ya mtoto wako, bali ni kwamba kila akimtazama mama yake anajiona mwenyewe miaka 30 ijayo, na kuogopa kuambukizwa ni rahisi kutamka kuliko hilo. Akilitamka, unaweza kumwambia yanayojulikana. Zipo familia chache sana zenye jeni inayoleta Alzheimer karibu kwa hakika, na huko ugonjwa kwa kawaida huanza mapema, kabla ya miaka 65. Kwa wengine, kuwa na mzazi mgonjwa huongeza uwezekano kiasi, bila kuufanya lazima. Na mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi ya kusahau duniani yanahusishwa na mambo 14 yanayoweza kupunguzwa, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, uziwi usiotibiwa, uvutaji sigara na upweke. Mwenye mama wa kisukari ana sababu ya kupima sukari yake. Hilo linamhusu pia mumeo, anayeshinda ameketi kwenye usukani.

Usimjibu kwenye grupu. Mpigie simu ukiwa umeketi, mama amelala. Unaweza kumsomea sehemu ya tezi za maiti na homoni, kisha umuulize anaogopa nini hasa, na umsikilize bila kumkumbusha miezi ambayo hakuja. Mwambie pia kwamba ulimchukua mama kwa hiari na kwamba umefika ukingoni, kwa maneno hayo hayo, bila kuuegemeza ugonjwa. Huenda akakasirika au akalia, na huenda asije mwisho wa mwezi huu. Ila mtakuwa mmeanza kuzungumzia zamu, nani na lini, na maswali ya namna hiyo familia yenu inaweza kuyajibu bila kumsubiri mwanasayansi wa London.